Chura Hakulalamikia Moshi wa Mama

Kwako Profesa, uliyenifundisha kusikiliza pua ya chura,

Binti yako Joy alinipigia simu Jumatatu, siku tatu kabla hujazikwa. Alikuwa analia na kuniomba radhi kwa pamoja, utadhani ni mimi niliyefiwa. Wanatengeneza kijitabu cha mazishi, akasema, kina ukurasa wa mke, wa watoto, wa kanisa, na wamebakisha nusu ukurasa kwa wanafunzi. "Daddy alikuwa anakutaja sana," akasema. "Alikuwa anasema uko na mkono mzuri kuliko wote. Andika tu ka-tribute, hata kama ni paragrafu mbili." Nikaandika paragrafu mbili. Nikasema ulikuwa mvumilivu, ulikuwa mkarimu, ulitufungulia milango. Zikachapishwa chini ya picha yako ukiwa na koti jeupe, na kanisani watu wawili walinishika mkono kunishukuru.

Hii sasa ndiyo barua ambayo haikuingia kwenye kijitabu. Marehemu hasemwi vibaya, najua, nimelelewa vizuri. Lakini nilikupa miaka sita ya kusemwa ukiwa hai. Nyumba yako iko Lavington kwa wenye pesa na ya mama yangu iko Mutuini, hata saa nzima haifiki kwa gari, na gari ulikuwa nalo. Hukuja. Kwa hiyo nitakusema hivyo hivyo ulivyo. Watakaosema asante ya punda ni mateke, waseme, lakini kwanza wasome.

Nianze na mazuri, maana yapo, na hayo ndiyo yanayoniudhi zaidi. Ungekuwa mtu mbaya tu, ningekusahau zamani.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiita nisikilize? Ilikuwa asubuhi, madirisha ya maabara yamefungwa ili honi za mjini zisiingie. Chura alikuwa amelala kwa dawa juu ya pamba yenye maji, tundu moja la pua limefunguliwa. Barasa, fundi wetu wa maabara, alikuwa ameshika kijiti cha kioo juu ya moto na kukivuta mpaka ncha yake ikawa nyembamba hata jicho halikuiona. Wewe ukaishusha ile ncha ndani ya pua ya chura kwa kuzungusha skrubu kidogo kidogo, huku umezuia pumzi. Spika iliyounganishwa na ile ncha ilikuwa inachachatika kama mafuta kwenye karai. Halafu ikasema: tak. Kimya. Kisha tena: tak.

"Hiyo ni seli moja," ukanong'ona. "Moja tu, Wambui. Humo ndani kuna nyingi zisizohesabika, na wewe unaisikia moja ikiongea."

Ukaminya pampu. Hewa ikapita kwenye ile chupa inayonukia ndizi mbivu, ikaingia kwenye pua ya chura, na spika ikalipuka tak-tak-tak-tak kama bisi kwenye sufuria yenye kifuniko. Kisha ikanyamaza. Nililia, na sijui hadi leo nililia nini. Wewe ukacheka ukanipa leso yako, ukasema, "Seli ya kwanza hulizanga watu." Siku hiyo ningekufuata popote ambapo ungeniambia twende.

Chupa zilikuwa sita. Ndizi, kafuri, karafuu, mkaratusi, mdalasini, na ya sita yenye maji matupu, hewa yake haina harufu yoyote. Ulisema hiyo ya sita ndiyo mkubwa wa zote. "Kama seli inaongea na hewa tupu, usiamini kitu kingine chochote inakuambia." Na kati ya harufu na harufu tulikuwa tunangoja dakika mbili nzima ili seli ipumzike. Katika dakika hizo mbili mbili ndimo ulimonifundisha karibu kila kitu ninachojua. Ulinifundisha kukaa kimya. Ulinifundisha kuandika nilichokisikia na si nilichotaka kukisikia. Ulimega chapati ya mkeo katikati ukanipa kipande kikubwa. Dakika mbili, Profesa. Ulijua kungojea chura, na hilo nitalisema mbele ya yeyote.

Vyura wenyewe walitoka kwa mama yangu. Hilo halimo kwenye kijitabu chako. Shamba letu linateremka hadi kwenye kijito, na kule chini mama amepanda nduma, na kwenye maji ya nduma ndiko vyura wanakoishi. Alfajiri alikuwa anashuka na ndoo, gauni amelikunja hadi magotini, anawachagua vyura kama anayechagua nyanya sokoni. Mdogo anamrudisha. Mwenye kidonda anamrudisha. Anafunika ndoo kwa jani la mgomba na kunipa. "Huyu mkubwa mwambie Mwalimu ni wake," alikuwa akisema. Hakuwahi kukuita Profesa, kwake cheo kikubwa kilikuwa hicho cha Mwalimu. Alikutumia na nduma za kuchemsha, nawe ulizila kwa chai ukafuta mikono ukasema, "Mama yako ni mtafiti mwenzetu." Nililibeba neno hilo hadi nyumbani. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akalirudia kwa majirani wiki nzima.

Jiko lake ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, meusi kwa masizi, mawe matatu katikati, kuni za mkaratusi zimepangwa ukutani. Mtungi wa gesi alionunuliwa na kaka yangu uko sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Anasema chakula cha gesi hakina ladha. Mimi nilikuwa nimepanga chumba Waithaka, na kila Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kigoda karibu na yale mawe, naye ananisimulia wiki yake. Ugomvi wa mpaka na jirani. Ng'ombe wa nani amekula mahindi ya nani. Mambo ya baba yangu aliyekufa nikiwa mdogo, ambayo hakuwahi kuyasema akiwa ndani ya nyumba kubwa. Sipambi kitu. Moshi ulituwasha macho na tukakohoa wote wawili. Lakini mama yangu ni mtu anayeongea akiwa na mwiko mkononi, na mbele ya moto ndipo tulipokuwa mtu na mwanawe.

Sasa tuje kwenye siku ya wageni.

Watu kutoka ng'ambo walikuwa wanakuja kutazama maabara yako. Asubuhi ile nilikuwa nimepata seli nzuri kuliko zote. Kwa ndizi iliongea kwa kasi. Kwa kafuri ilichelewa kidogo kisha ikaongea kwa mafungu. Kwa karafuu ilifanya kinyume, hata zile tak chache ilizokuwa nazo ikazikata. Kwa hewa tupu ilikaa kama kawaida yake. Nilikuwa nimesimama na tabasamu kama mtoto aliyefunga goli. Ukaja nyuma yangu. Ukavuta hewa puani, mara moja, kisha mara ya pili.

"Wambui, huko kwenu mnapikanga na nini?"

"Kuni, Prof."

"Ndiyo hiyo," ukasema.

Ukanieleza. Moshi unashika kwenye nywele, unashika kwenye sweta, unaingia kwenye mipira ya hewa, unaifikia seli na kuichanganya. Ndiyo maana seli zangu zinaongea na harufu tatu, nne, ukasema, kwa sababu zimekwisha kulewa moshi. Seli safi ina jambo moja la kusema. Ulisema mbele ya Barasa, kwa sauti ya upole, kama daktari. Ukafungua droo ukanipa kipande cha sabuni isiyo na harufu, kimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Ukaniambia niwe naacha nguo zangu za kazi maabara. Na wageni walipofika, ukanituma stoo nikapange chupa.

Niliamini. Nani asingeamini? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nikaishuku nguo yenyewe. Na hapo nikafanya kosa ambalo ni langu, silitupi kwako. Nilimwambia mama.

Nilimwambia kama mtu anavyosema jambo la hospitali. "Mama, moshi unaharibu kazi yangu. Mwalimu amepima." Uongo ule "amepima" niliuongeza mimi ili aelewe. Alikuwa anachochea kuni. Akauliza, "Unaua wale vyura?" Nikasema hauwaui, unaharibu seli za pua zao. Seli hakuijua. Kuharibu alikujua. Aliyatazama yale mawe matatu, kisha akaendelea kupika.

Jumapili iliyofuata nilipofika moto ulikuwa umezimwa. Chakula kilikuwa sebuleni, kimefunikwa, kimepoa. Mama alikuwa ameoga, amevaa nguo za kanisani, amekaa mwisho wa kochi. Niliinama kumkumbatia akanyoosha mkono kunizuia, akanipa vidole tu. "Usinikaribie sana. Kesho uko na kazi."

Nikaona ni jambo dogo. Nikala.

Ikawa hivyo miaka miwili, Profesa. Nilipougua, alimtuma jirani aniletee supu. Siku ya ruracio ya binamu yangu, wakwe walipoleta mahari kwa shangazi, wanawake wote wa ukoo walikuwa uani wakipika kwenye masufuria makubwa, na mama akanishika bega kwa ncha za vidole akanipeleka kwenye hema la wazee wanaume, nikakae huko. Nilisikia shangazi yangu nyuma: "Msomi wetu haguswi na moshi siku hizi." Wakacheka. Mwingine akasema, "Huyo ni wa Lavington sasa." Mama hakunitetea kwa sababu aliona wanasema kweli na kwamba ni jambo la kujivunia. Nilikaa na wazee wale, nikanywa soda, nikasikiliza habari za mashamba.

Na seli je? Nilioga kwa sabuni yako. Nilibadilisha nguo. Nilinyoa nywele zangu zote, unakumbuka, ukaniambia zimenipendeza. Nikaacha kabisa kula kwa mama, Jumapili nikawa napita tu kumsalimu mlangoni. Na bado chura baada ya chura, seli ziliongea na harufu mbili, harufu tatu, kila moja kwa mtindo wake. Nawe ulikuwa unasimama nyuma yangu unasema, "Bado kuna moshi kidogo. Futa hiyo." Nikafuta. Nilifuta seli nzuri, Profesa, za subira, seli ambazo nilizishika saa nzima bila kukohoa.

Ni Barasa aliyenifungua macho. Yule mtu alitoka kwao Bungoma kuja kuosha vyombo vya maabara, akajifunza kuvuta kioo kuliko nyinyi nyote wenye shahada. Siku moja, umetoka, akaacha anachofanya akaja kusimama karibu na spika.

"Hebu nikuulize," akasema. "Hewa tupu, hiyo ya chupa ya sita. Seli imeongea ama imenyamaza?"

"Imenyamaza."

"Na wewe uko hapa, na hizo nguo zako?"

"Niko hapa."

"Basi huo moshi umeenda wapi? Umetoka nje kuvuta hewa?" Akacheka peke yake. "Wambui, hii seli haijui kwenu ni wapi."

Nilikaa chini. Kama moshi wangu ndio uliokuwa unaisemesha seli, ungeisemesha na kwa hewa tupu pia. Somo hilo ulinifundisha wewe mwenyewe, wiki ya kwanza kabisa. Nililisahau kwa sababu ni wewe mwenyewe uliyenisahaulisha.

Ukasafiri kwa wiki moja. Nikaenda Mutuini nikamwomba mama kitambaa chake cha kichwani, kile cha jikoni. Akakataa katakata. "Hicho kitamaliza vyura wako wote." Nikangoja ateremke mtoni, nikakichukua kwenye msumari, nikakimbia nacho kama mwizi. Kilikuwa na moshi wa miaka. Nikakitia kwenye chupa safi, chupa ya saba, na Barasa alipoifungua akapiga chafya mara mbili. Wiki nzima tulikuwa tunawapulizia vyura moshi wa mama yangu.

Kwa moshi, seli ya kwanza ilinyamaza. Ya pili ikanyamaza. Moja ilipenda kafuri na mdalasini, nyingine ndizi na mkaratusi, moja ilikuwa na jambo moja tu la kusema kama ulivyotaka wewe, nyingine ilinuna kwa kila tulichoipa. Mbili zilizofanana sikuzipata. Siku ya nne, seli moja ndogo ndiyo iliyoujibu moshi, tak tatu dhaifu, kisha ikarudi kulala. Ningeweza kuibusu. Wale vyura walizaliwa chini ya jiko lile, Profesa, walivuta moshi ule tangu wakiwa na mikia, na hawakuwa na neno nao. Seli hazikulewa chochote. Ndivyo zilivyoumbwa, kila moja inazijua harufu kadhaa na kuzijibu kwa namna yake.

Ulirudi Jumatatu. Nilikuwekea karatasi mezani. Nilidhani utafurahi. Hebu fikiria, nilikuwa bado nadhani utafurahi! Ulisoma polepole hadi mwisho, ukavua miwani.

"Hii mimi najua, Wambui," ukasema. "Hii imeandikwa kwa vitabu kitambo. Seli moja, harufu nyingi. Hiyo si mpya."

"Sasa ule moshi, Prof?"

Ukaangalia mlango kama uko wazi. Haukuwa wazi. Ukashusha sauti, na mpaka leo sauti ile ndiyo ninayoisikia.

"Unajua, wageni walikuwa wanakuja. Na ulikuwa unanuka. Si vibaya, ni ile ya nyumbani tu, lakini mtu mgeni... Sasa mimi ni mwanaume, wewe ni msichana, sikujua nikuambie aje. Nikaona nikikuambia kwa upande wa kazi hutaumia."

Ulikuwa unangoja nikushukuru. Niliona kabisa usoni mwako kwamba umenifanyia hisani na unangoja asante.

Sikiliza basi. Ungeniambia "Wambui, unanuka moshi," ningeona haya siku mbili, ningekuchukia wiki moja, ningenunua sabuni, yakaisha. Jumapili ningemsimulia mama tukiwa jikoni, naye angekutukana kwa Kikuyu, tukacheka. Wewe ukachukua jambo la pua yako ukalivisha koti jeupe. Ukalipa jina la sayansi, sayansi ambayo nilikuwa naipenda, ukanituma nayo nyumbani, na mimi mjinga nikaifikisha. Na seli zangu zote zile ulizoniambia nifute, ulikuwa unajua ni nzima. Ulikuwa unajua! Miaka miwili ulisimama nyuma yangu unasema "futa hiyo" ili uongo wako usigongane na chura. Mtu huyo ndiye niliyemwita mvumilivu kwenye kijitabu.

Niliondoka maabara mwezi ule ule. Nafundisha biolojia sekondari sasa, na wanafunzi wangu najua kuwaambia kwamba wananuka, nawaambia uso kwa uso, nao hawajafa. Lakini kabla sijatoka nilikuomba jambo moja. Nilikwambia sitaki barua, sitaki cheti, sitaki radhi. Nataka uje Mutuini umwambie mama kwamba moshi wake haukuharibu kitu.

Kwa nini nisimwambie mwenyewe? Nilimwambia. Nilimwambia siku hiyo hiyo, nimesimama mlangoni pa jiko lililozimwa. Akanisikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa. "Mwalimu alipima," akasema. "Mtu amesoma hivyo atadanganya kwa nini?" Ule "amepima" wangu ulikuwa umeota mizizi. Na nilipoacha kazi, mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu mama aliamini nimefukuzwa, na kwamba ni moshi wake uliofanya nifukuzwe. Anaamini hivyo hadi leo. Kila nikienda, anazima. Nimemwambia nimeacha vyura, nafundisha watoto. "Ukiitwa tena," anasema, "wasikukute unanuka." Anakutaja kwa shukrani, unasikia? Anasema ulinivumilia miaka miwili.

Ni wewe tu uliyeweza kuliondoa jambo hilo kichwani mwake. Neno lako lilikuwa zito kwake kuliko langu, na ni wewe uliyelipa uzito huo. Ukaniambia, "Nitakuja. Acha tu semista iishe." Semista zikaisha. Nilikupigia simu mpaka nikaona haya. Mara moja tulikutana mjini, kwenye foleni ya benki, ukanishika mkono kwa mikono miwili, ukauliza, "Mama yetu yuko aje? Bado nakuja kula nduma." Ulikuwa na afya, ulikuwa na wakati, ulikuwa unatabasamu. Nikakuamini tena.

Alhamisi tumekuzika. Mama alisema lazima aje, huwezi kuacha kumzika mtu aliyemsomesha mwanao. Tangu Jumanne hakuwasha moto. Alikula mkate, akanywa chai ya chupa kutoka kwa jirani. Aliniomba nimnunulie kitambaa kipya cha kichwa, akakitoa kwenye nailoni yake pale pale nje ya kanisa ili kisishike kitu njiani. Sweta aliiacha nyumbani, na asubuhi ile kulikuwa na baridi ya Julai ya kukata mifupa.

Wakati wa kutazama mwili ulipofika, watu wakapanga foleni. Mama alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Twende, Mama."

"Enda wewe. Mimi nitamwona kutoka hapa. Asije akasikia moshi."

"Mama. Amekufa."

"Hata hivyo," akasema.

Nikaja peke yangu. Nilipofika kwako niliinama, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kunusa, nikanusa. Ulikuwa unanuka, Profesa. Dawa ya mochari, na juu yake marashi waliyokupulizia mengi mno, na chini ya yote mawili kitu kingine ambacho marashi hayakuweza kukishinda. Mbele yangu mkeo alikuwa ameweka shavu lake juu ya lako akakaa hivyo muda mrefu. Joy alikubusu. Wazee wa kanisa waliinama mmoja mmoja. Hakuna aliyerudi nyuma, wala hakuna aliyekutafutia sababu ya kisayansi. Walikupenda wakakukaribia, basi, na hilo ndilo lililonichoma kuliko maneno yote yaliyosemwa siku hiyo.

Niliporudi mlangoni mama alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu, anajaribu kukuona juu ya vichwa vya watu.

"Umemwambia asante yangu?"

Nilikuwa na jibu la kweli mdomoni, nimelibeba miaka sita. Nikamtazama na kile kitambaa chake kipya chenye mikunjo ya dukani.

"Nimemwambia," nikasema.

Alifurahi mpaka akajisahau. Akanishika mkono, akaubana chini ya kwapa lake kama zamani tukitoka sokoni, tukateremka ngazi za kanisa tumeshikana, naye ananisimulia habari za jirani na mpaka. Tulifika karibu na lango. Hapo akakumbuka, akaniachia, akasogea kando.

Lala huko ulikolala. Sitakuja kuliona kaburi.

Mimi, binti wa yule aliyekuokotea vyura,
Wambui